Siku Nilipomwita Chifu kwa Mkebe wa Mahindi

Aibu ninazo nyingi, na nyingine zimenitoka kwa sababu walioziona wamekwisha kufa, lakini hii moja imekataa kuzeeka, na kwa kuwa Wanjira, mke wa mwanangu Mutuma, huisimulia kila harusi huku akiiongezea chumvi, heri niiandike mwenyewe kwa mkono huu uliofika darasa la tatu tu, ili mjue hasa nani alikuwa mjinga siku ile. (Nitawapunguzia kazi: ni mimi. Lakini sikuwa peke yangu, na wenzangu nitawataja majina.)

Ulikuwa mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada. Mvua ilikuwa imerudi, mashamba ya kwetu Ruiri, Meru, yalikuwa yameanza kuonekana kama mashamba, ila watu walikuwa bado wanaulizana chini chini ni nani alikula gunia la msaada la nani. Mimi wakati huo nilikuwa na kondoo dume mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mkubwa kama ndama, na nilikuwa nimempa jina Chifu. Msidhani ni kwa heshima. Tangu akiwa mdogo alitembea kifua mbele, hampishi mtu njiani, na chakula cha wenzake alikiona ni chake. Jina lilimkaa kama kofia.

Huyo Chifu nilimfundisha mwenyewe. Nilichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikatia punje chache za mahindi, na kila jioni nilikuwa nautikisa, kacha-kacha-kacha, naita, "Chifu, kuja kula!" kisha nampa konzi ya mahindi. Mwanzoni alinitazama kama mtu anayesikiliza hotuba. Baadaye ikawa akisikia mkebe tu, hata punje hajaiona, mate yanaanza kumdondoka, anapanda mbio kutoka bondeni akiruka mitaro, na majirani wanasimama kumwangalia. Mwavuli nao alijifunza, ingawa hilo halikuwa somo langu. Mutuma alimtandika nao siku moja alipomkuta akitafuna shati lake la kazini, na tangu siku hiyo ukifungua mwavuli, hata kama unajikinga mvua yako tu bila ubaya na mtu, Chifu ameshavuka ua.

Basi Mutuma, aliyekuwa karani wa kiwanda cha kahawa, akapata msichana upande wa Embu, huko juu kupita Kianjokoma, kwenye majani chai na ukungu. Tulipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha, baba yake msichana, Mzee Nyaga, alitueleza mila ya mji wake kuhusu mahari, au ruracio kama tunavyosema sisi. Alisema, "Mengine tutazungumza, lakini kondoo wa ruracio hapa kwetu haburutwi. Langoni kamba inafunguliwa, anaingia kwa miguu yake. Akikataa, tunajua hata msichana angekwenda kwa kuburutwa, na nyinyi mtarudi kwenu na vitu vyenu."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilicheka. Nikasema mbele ya akina mama wote, "Mzee, wetu ataingia akikimbia. Mimi nikimwita tu, anakuja."

Walipiga makofi, na mimi nikanywa chai yao kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Msemaji wetu alikuwa shemeji yangu M'Ikiara, mtu ambaye akianza kusalimu asubuhi unaweza kuchemsha maharagwe yakaiva kabla hajafika kwenye jambo. Njiani kurudi akaniambia, "Mama Mutuma, harusi ya mtoto umeiweka kwenye kichwa cha mnyama." Nikamwambia kichwa cha mnyama wangu kinafanya kazi kuliko vingine ninavyovijua.

Sasa ajali. Jirani yangu Karimi alikuwa anaezeka jiko lake upya, amenunua mabati yanayong'aa mpaka yanaumiza macho, akayaegemeza ukutani na juu yake akaegemeza boriti. Chifu akapita, akajiona. Na kama dume lolote linalokutana na mwenzake anayefanana naye na asiyempisha, alikasirika. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akaenda. Mabati yalilia kama radi, kondoo wa ndani ya mabati akashindwa (hilo lazima tulikubali), na boriti ikashuka yote ikamwangukia kisogoni. Nilipofika alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga hewa, na Karimi anapiga mayowe. Nilidhani analilia kondoo wangu. Analilia mabati.

Hakufa. Baada ya siku kadhaa alisimama, akala, akanywa, akaanza kusukuma wenzake kama kawaida, nami nikamshukuru Mungu. Jioni nikatikisa mkebe. Chifu akageuza masikio upande wangu, akaniangalia, akaendelea na nyasi zake. Nikatikisa tena, nikaita jina. Hakuna. Mate hakuna, mbio hakuna, kama vile hatujawahi kujuana.

Nikamwita Gikunda, daktari wa mifugo, kijana mwembamba mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yake. Alimpulizia Chifu hewa jichoni, jicho likafumba. Akatikisa mkebe wangu nyuma ya kichwa chake, masikio yakageuka, mdomo mkavu. Akamtia punje mdomoni, mate yakatoka, akatafuna vizuri. Akafanya hivyo tena na tena mpaka nikaanza kuhurumia mahindi yangu. Kisha akafungua mwavuli wa Mutuma mbele ya pua ya kondoo. Chifu akaunusa.

"Mama Mutuma," Gikunda akasema, "huyu anasikia. Na kula hajasahau. Alichosahau ni kwamba huu mlio ni habari ya chakula, na mwavuli ni habari ya fimbo. Aliyozaliwa nayo yamebaki, uliyomfundisha yametoka. Ubongo una mahali panapounganisha mambo kama hayo, na pale pameumia."

"Kondoo ana ubongo gani wa kuumia?"

"Anao, mama. Mdogo, lakini anautumia."

"Kwa hiyo nimfundishe upya."

"Jaribu. Lakini mlio na chakula viwe pamoja, wakati huohuo, mdomoni kabisa. Ukitikisa kwanza halafu ungoje, hata kidogo, kichwa chake kitakuwa kimeuacha mlio. Na ukiona anakuja, usifurahi haraka. Mwite kutoka mbali, mkono mtupu, uone kama ni mkebe anaoufuata au ni mahindi anayoyaona."

Nilimwambia kondoo wangu si mwanafunzi wa kufanyiwa mtihani, nikampa chai, nikamsindikiza. Gambuti zile zilikuwa zinapiga kwap kwap njia nzima, nami nikamcheka mgongoni pamoja na Karimi, tukasema serikali inasomesha watu ili waje kutuambia kondoo amesahau.

Nikamfundisha kwa njia yangu. Nilisimama karibu, mkebe mkono huu, konzi ya mahindi mkono huu ikiwa wazi chini ya pua yake, nikatikisa, nikaita, na Chifu akaja. Nikarudia jioni nyingine, akaja. Niliita majirani waje waone, wakaona, wakasema kweli, Mama Mutuma umemponya. Na kwa kuwa hakuogopa tena mwavuli, wala kukimbia hovyo, wenzangu wa kanisani wakasema kondoo ameokoka. Nami nikaamini! Mkono mtupu sikuujaribu hata mara moja, kwa sababu ningejaribu kwa ajili ya nani, kwa ajili ya gambuti?

Asubuhi ya safari M'Ikiara alikuja na kondoo wake mweupe, mpole, akaniambia, "Shemeji, twende na huyu. Huyu anafuata mtu yeyote. Wako tumwache apumzike." Na hapo ndipo palipokuwa pa kuokolea kila kitu, neno moja tu, sawa, lakini mimi nikamtazama yule kondoo wake, nikaona amekaa kama mto wa kulalia, nikakumbuka nilivyojigamba mbele ya akina mama wa Embu, nikasema, "Mimi niliahidi kondoo, sikuahidi mto." Tukampakia Chifu kwenye pikapu, na Karimi akapanda nasi. Mweupe wa watu akabaki amefungwa kwangu, anatuangalia tukiondoka.

Tulifika kwa Nyaga manyunyu yanaanguka. Wenyeji walikuwa wamefunga maturubai uani, watu wamejaa, harufu ya chakula inatoka hadi barabarani, na sisi tumesimama nje ya lango na nyimbo zetu, akina mama wao ndani na nyimbo zao. Nyimbo zilipoisha, Mzee Nyaga akasema, "Fungueni kamba." Ikafunguliwa. Mutuma alikuwa amevaa suti ya kuazima, amekunja mikono kifuani kuficha vifungo visivyofika. Mimi nikaruhusiwa kuingia peke yangu, nikasimama ndani ya lango hatua nyingi kutoka kwa kondoo, nikajitengeneza leso, nikainua mkebe.

Kacha-kacha-kacha. "Chifu! Chifu, kuja kula!"

Nyuma yangu, chini ya turubai, kiti kikalia, na sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Asante mama, nakuja. Kumbe kimeshaiva?"

Niligeuka. Mtu mnene wa nguo za kaki, kofia mkononi, tumbo mbele, anakuja kwangu akitabasamu. Alikuwa Njeru, mdogo wake Mzee Nyaga. Mara ya kwanza hatukumkuta nyumbani, alikuwa amekwenda semina, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia kwamba huyu baba mdogo wa msichana alikuwa chifu. Chifu wa kweli, wa serikali, mwenye kugawa mahindi ya msaada.

"Si wewe, mzee," nikamwambia. "Kaa tu. Namwita Chifu."

"Ndiye mimi."

"Chifu yule." Nikamwonyesha kwa mkebe. "Mwenye manyoya."

Kuna kicheko kinachoanza kwa mtu mmoja kupaliwa. Kilianza kwa mama mmoja mzee anaitwa Ciambuba, aliyekuwa amekaa karibu na sufuria, kikaenda kwa jirani yake Marigu, na kabla sijajua kimefika uani kote. Chifu Njeru hakucheka. Alisimama palepale katikati, kofia mkononi, hajui arudi au aendelee, na mtu mkubwa hakuna kitu anachokichukia kama kusimama mahali bila sababu.

Nami nikarudi kwenye kazi yangu, nikidhani kondoo akiingia sasa hivi kicheko kitageuka kuwa vigelegele. Nikatikisa kwa nguvu zaidi. Kondoo akageuza masikio, akanitazama kwa yale macho yake ya mviringo yasiyodaiwa kitu na mtu, akainama kula nyasi za ukingoni. Nikatikisa mpaka mkono ukauma. Wenyeji wakaanza kunong'ona. Nikamsikia Mzee Nyaga akimwambia mkewe, "Amekataa lango." Nikamwona Mutuma amefumba macho. Hapo joto likanipanda kichwani, nikasahau niko wapi na mbele ya nani, nikapaza sauti:

"Chifu mwizi wewe! Umekula mahindi yangu mwaka mzima, umenenepa, na leo nakuita mbele ya watu unajifanya hunijui!"

Nilisikia manyunyu juu ya turubai. Halafu Ciambuba, yule wa kwenye sufuria, akasema polepole, "Mwambie, mama."

Na sauti nyingine nyuma kabisa, "Na ya njano pia, muulize!"

Hapo ndipo nilipoelewa nimesema nini. (Kama Njeru alikula mahindi ya watu au hakula, mimi sijui mpaka leo. Mimi ni mtu wa Ruiri, nilikuwa nagombana na kondoo.) Njeru akavaa kofia yake. Akamgeukia kaka yake, akasema kwa sauti ya barazani, "Mzee Nyaga. Nimeitwa mwizi kwenye boma letu, na watu ambao hata kondoo wao amewakataa. Mila tunaijua. Warudi kwao."

"Wazee," M'Ikiara akaanza kusema akiwa nje ya lango, "kwanza kabisa, kabla sijasema lolote, ningependa kuwasalimu, na nikisema kusalimu..." Nikajua huyo hatatusaidia kabla ya giza.

Karimi akaona atuokoe. Alikuwa amesimama nyuma ya kondoo, akakumbuka enzi za zamani, akafungua mwavuli wake kwa ghafla, pwaa, ili amshtue aruke aingie ndani. Kondoo akageuka, akautazama ule mwavuli, akatembea taratibu akaenda kusimama chini yake pamoja na Karimi, akijikinga mvua. Naapa. Walisimama pale wawili kama wachumba.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za turubai. Mimi nilikuwa natazama uso wa Mutuma, na hapo hapakuwa na cha kuchekesha. Kila kitu alichotaka duniani kilikuwa ndani ya ule ua, na mama yake amesimama langoni na mkebe. Nikaanza kumfikiria Gikunda, mbali, mkono mtupu, na nikatamani ardhi inimeze na mkebe wangu.

Ndipo mlango wa jiko ukafunguka akatoka Wanjira. Msichana hatakiwi kuonekana mpaka wazee wamalize, hilo hata sisi wa Meru tunalijua, na shangazi yake mmoja alijaribu kumshika kiuno akamkosa. Alipita upande wa bustani, akang'oa kifungu cha majani ya viazi vitamu, akatoka nje ya lango na gauni lake la njano, akayasukuma majani yale kwenye mdomo wa kondoo. Kondoo akauma. Wanjira akarudi nyuma hatua moja, kondoo naye akaja hatua moja. Majani yakimwacha mdomo hata kidogo, alisimama, anatazama mbele, kama majani hayajawahi kuwako duniani. Yakimgusa tena, alianza tena. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama, huyu hajui kungoja."

Basi alimwingiza hivyo, ameinama, anarudi kinyumenyume kwenye matope, gauni linaburuta, hatua baada ya hatua, na hakuna aliyecheka tena. Kwato za nyuma zilipovuka lango, akaachia majani yote, akajinyoosha mgongo.

"Huyu msichana ametoka kabla ya kuitwa," Njeru akasema. "Hii si mila."

Mzee Nyaga aliwatazama kondoo na binti yake, wote wawili wamelowa.

"Njeru," akasema, "kondoo ameburutwa?"

"Hakuburutwa, lakini..."

"Na msichana, nani amemburuta?"

Njeru akarudi kwenye kiti chake. Nyaga akawageukia akina mama wa jikoni akasema chakula kiletwe. Mutuma alikaa chini palepale kwenye nyasi zenye maji, na suti ya watu.

Usidhani niliachwa hivihivi. Nililipishwa faini kwa kumtukana mzee, kondoo mmoja dume, na M'Ikiara ndiye aliyekwenda Ruiri kumleta, yule mweupe, akaingia lango la Nyaga kama mtu anayeingia kwake, huku shemeji yangu akinitazama bila neno (kwake yeye kutosema neno ni hotuba). Na Njeru akashikilia kwamba hakuna mzee atakayetia kisu kwa mnyama anayeitwa Chifu, kwa hiyo nikasimamishwa mbele ya watu wote nimvue kondoo jina lake kwa mdomo wangu. Nilimvua. Walimchinja yule mweusi jioni, na mimi nilisema tumbo linaniuma ili nisimle.

Gikunda alikuja baadaye kuuliza habari. Nilimweleza yote, nikingoja acheke ili nipate sababu ya kumtukana. Hakucheka. Aliuliza tu, "Mkono wako ulikuwa mtupu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na mkebe aliusikia?" Nikasema masikio yaligeuka. Akatikisa kichwa, akavaa gambuti zake, akaenda zake.

Jambo linaloniudhi ni kwamba yule mnyama alipigwa boriti moja tu akafutiwa kila kitu, na mimi ambaye sijawahi kupigwa kichwani na chochote sifutiwi. Kwaya ya kanisa letu ikiinua kayamba, ule mchakacho tu kama wa mkebe, kabla hata hawajaimba neno, uso wangu unawaka moto, viganja vinalowa jasho, na nimeshasimama natoka nje nikijifanya nakohoa. Mchungaji Mwirigi ameshaniombea kifua mara nyingi, na kifua changu hakina neno.

Kwa hiyo nimeapa, na mashahidi ni nyinyi. Sitajigamba tena kwa kichwa ambacho si changu, wala sitampa mnyama jina la mtu anayekula mshahara. Siku hizi nafuga mbuzi watatu, wanaitwa Mbuzi, Mbuzi na Mbuzi, na jioni ikifika siwaiti, nashuka bondeni mwenyewe na magoti yangu haya mabovu nikawachukue.